Twiga na Nusu ya Nyusi

Katika saluni ile ya viti vitatu, hapakuwa na siri iliyodumu kuliko msuko wa kichwa kimoja. Mteja akishaketi na kumgeuzia msusi kisogo, mdomo hufunguka wenyewe: nani kaachika, nani kapandishwa cheo, nani hapikiki chungu kimoja na wifi yake. Msusi huitikia "ehe" na "hebu!", vidole vikienda mbio, na jioni hurudi nyumbani akijua habari za mtaa mzima, isipokuwa za mtu mmoja: mwanawe.

Mwana mwenyewe alikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka huo alirefuka hadi suruali zikaanza kuvikimbia vifundo vya miguu, majirani wakampachika jina la Twiga. Zamani alikuwa na mdomo kama cherehani. Siku hizi ukimuuliza shule ilikuwaje, "poa." Chakula? "Poa." Unaumwa? "Poa." Na hiyo poa yenyewe ilianza kwa sauti ya mzee, ikaishia kwa kilio cha kifaranga. Labda ndiyo maana aliichagua fupi.

"Mwache," baba yake, dereva wa lori, alisema kwenye simu. "Mimi nilinuna miaka mitatu. Mama akaninywesha dawa ya minyoo."

Lakini msusi hakuwa mtu wa kuacha. Mteja mmoja alimwambia kijana wa umri ule anataka rafiki, si mzazi. Basi asubuhi moja akaweka viwiko mezani, akakonyeza jicho. "Niaje, mwanangu? Upande wa warembo vipi?"

Twiga akapaliwa na chai. Akabeba kikombe chake, akahamia chumbani, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata, alasiri ya Alhamisi, msusi alikuwa akifagia nywele, saluni imebaki tupu. Twiga akaingia, kofia ya sweta imemfunika hadi puani, na joto la siku ile lilitosha kuyeyusha feni.

"Mama, kuna mtu humu?"

"Nipo mimi na draya mbovu."

"Funga mlango."

Msusi akaweka ufagio chini. Akafunga. Kofia ikavuliwa.

Nyusi ya kulia ilikuwepo, imeshiba. Ya kushoto ilianzia puani vizuri, ikafika katikati, ikakata tamaa.

"Nilikuwa nanyoa masharubu," Twiga alisema. Masharubu yenyewe yalikuwa vinywele sita, saba ukihesabu kwa huruma. "Nikaona nisawazishe na nyusi kidogo. Na kesho ni mdahalo, mama. Mimi ndiye msemaji wa kwanza. Mbele ya shule nzima!" Hiyo "nzima" ikatoka kama filimbi.

Kicheko kilimpanda msusi hadi kooni. Akainama kuokota rola ambayo haikuwa imeanguka. Alipoinuka, uso ulikuwa mkavu kama wa hakimu.

"Kaa hapa, baba."

Akakigeuza kiti kikakipa kioo mgongo, akasimama nyuma ya mwanawe, akaanza kumchana nywele ambazo hazikuhitaji kuchanwa. Maswali yalimjaa mdomoni. Akauma ulimi. Kitana kikaenda, kikarudi.

Kisha, taratibu, maneno yakaanza kutoka. Kwamba sauti ikipasuka, darasa zima hugonga madawati. Kwamba anaoga mara mbili kwa siku, na kwapa bado zinamsaliti. Kwamba msemaji wa pili ni binti mmoja mwenye akili kama nini, na akimkaribia, yeye husahau hata hoja ya kwanza.

"Ehe," alisema msusi. "Hebu!"

"Mama, mimi nina kasoro?"

Kitana kikasimama. Hotuba ilikuwa tayari, ndefu, yenye vipengele. Akaimeza.

"Huna kasoro. Mwili wako umeanza ujenzi na wewe bado unaishi ndani. Lazima kuwe na vumbi."

"Litaisha lini?"

"Langu lilichukua miaka minne. Muhula mzima nilitembea nimekumbatia daftari kifuani. Hata mbio za mita mia nilikimbia nalo."

Twiga akacheka, kwa sauti zote mbili.

Msusi akampa dawa ya kwapa. Akachonga kalamu ya wanja, akamchorea nyusi unywele baada ya unywele. "Usiipanguse tu."

Kesho yake msusi alisuka mistari ya mteja ikaenda upogo, akafumua mara mbili. Mchana Twiga akaingia, kichwa wazi, mfereji mweusi ukimtoka kwenye nyusi hadi sikioni. Msusi akaweka kitana chini.

"Nilipangusa jasho," Twiga alisema. "Ukumbi mzima ukacheka."

"Ukafanyaje?"

"Nikawaambia hoja yangu ni nzito, hata nyusi imeshindwa kuibeba. Na sauti ikapasuka hapo hapo. Wakapiga makofi!"

"Kwa hiyo mmeshinda?"

"Tumeshindwa. Kwa alama mbili tu." Alisema hivyo kama mtu aliyeleta kombe. "Na yule msemaji wa pili kaniambia aliwahi kujiunguza nywele za mbele kwa pasi, siku moja kabla ya kupigwa picha. Kwa pasi ya nguo, mama!"

Msusi alikuwa na maswali kumi na moja kuhusu binti huyo. Hakuuliza hata moja. Akamkatia mwanawe mkate aliokuwa amejiwekea, na Twiga akaula amesimama, akisimulia mdahalo tangu mwanzo, mdomo umejaa, makombo yakiruka hadi kwenye taulo safi. Siku nyingine yoyote angemkemea.

"Ehe," akasema, akamsogezea maji.