Kimbunga Sindano

Watu wengi wanadhani kimbunga huzaliwa na jina lake, kama mtoto anavyozaliwa na masikio. Si kweli. Jina hutolewa na mtu aliyeketi mezani, na mtu huyo kwa kawaida ana njaa na kalamu yake inaelekea kuisha wino. Katika ofisi yetu ya hali ya hewa, mtu huyo ni mimi.

Sheria yenyewe ni rahisi. Mawingu yakijikusanya juu ya bahari na kuanza kuzunguka, tunayaita mgandamizo mdogo na kuyapa namba. Hayana jina, hayana heshima. Upepo wake ukifika kilomita sitini na tatu kwa saa, hapo ndipo unapewa jina linalofuata kwenye orodha ya msimu na kuandikwa kwenye Daftari la Vimbunga. Ukiishia sitini na mbili, haupati kitu. Niliwahi kuona mgandamizo umeng'ang'ania sitini na mbili siku mbili nzima, mpaka nikauonea huruma, kisha ukafa hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa sheria. Mke wangu anasema ni ubishi tu.

Orodha ina majina kumi na manne, na nchi zote zinazopakana na bahari yetu huchangia. Jina liwe fupi, litamkike kirahisi, lisiwe tusi kwa jirani. Majina yasiyotumika hutupwa msimu ukiisha. La kumi na nne mwaka huu lilikuwa Sindano. Nililipeleka mimi, na kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba Sindano wa kwenye orodha ni mama mkwe wangu.

Hapo lazima nieleze kidogo. Mama mkwe ni fundi cherehani. Ni mwembamba, ana ulimi unaochoma, na kibao cha duka lake kimeandikwa SINDANO kwa rangi nyekundu. Mtaa mzima unamwita hivyo. Sisi wa nyumbani tunamwita Mama. Na yeye mimi ananiita Manyunyu.

Miaka tisa iliyopita, wiki ya harusi yangu, aliniuliza kama Jumamosi itanyesha. Nikamjibu kwa kujiamini, mbele ya wajomba na mashangazi, kwamba kutakuwa na manyunyu hapa na pale. Akapanga viti mia mbili uwanjani bila turubai. Mvua iliyoshuka siku ile iliondoka na viti. Gauni la bibi harusi, alilolishona miezi minne na kulitia shanga moja moja kwa mkono wake, liliingia uwanjani likiwa na rangi ya tope. Na mimi, mjinga wa wajinga, nikafanya nini? Nikaeleza. Nilimchorea kwenye karatasi ya mwaliko kwamba "hapa na pale" maana yake ni hapa na pale, na kwa bahati mbaya sisi tulikuwa hapa.

Tangu siku hiyo hajanishonea hata kifungo. Familia ile haina shughuli bila sare: shati la kitambaa kimoja kwa wanaume wote, hadi dereva wa gari la kukodi. Mimi huvaa la dukani. Kwenye kipaimara cha binamu mmoja, mgeni aliniomba nimletee soda. Mke wangu alipomsihi mama yake anipime, alijibiwa, "Mimi simpimi mtu asiyejua kupima." Na msimu huu ulipokaribia kwisha kulikuwa na harusi ya shemeji yangu, kitinda mimba wao. Nilitaka shati lile. Sioni haya kusema: nina miaka arobaini na mbili na nilikuwa nalitamani shati kama mtoto.

Sasa, jina lilifikaje kwenye orodha? Kwa hasira. Asubuhi moja nilialikwa redioni kujibu maswali ya wasikilizaji, na simu ya kwanza kabisa ikaingia hivi:

"Naitwa Sindano, fundi. Naomba mtaalamu aniambie, leo nianike vitambaa au nisianike? Nikishamsikia, nifanye kinyume chake."

Mtangazaji alicheka hadi akaweka muziki. Nilirudi ofisini damu inachemka, nikakuta fomu ya majina mezani, mwisho wa kuituma ni siku hiyo, na nafasi tuliyogawiwa ni ya kumi na nne. Katika kumbukumbu zetu zote hatujawahi kupita jina la kumi na moja. Nikaandika Sindano, nikagonga mhuri, roho yangu ikaburudika. Nilikuwa nimemsema mama mkwe mbele ya mataifa na hakuna ambaye angejua.

Msimu ukaanza vibaya na kuendelea vibaya. La kumi na mbili lilitumika kabla hata hatujafika katikati. La kumi na tatu liling'oa mapaa ya visiwa viwili. Kisha, Jumanne moja, mawingu yakaanza kujizungusha mbali sana kusini, na mimi nikaacha kula.

Saa tano asubuhi meli ya mizigo iliyokuwa karibu nayo ikaleta taarifa: upepo kilomita sitini na sita kwa saa.

Mwenzangu wa zamu ni mzee tunayemwita Barometa, kwa sababu kila asubuhi huigonga barometa ya ukutani kwa ukucha kabla ya kumwamkia mtu. Kila jina lazima liwe na saini mbili, yangu na yake. Alisoma taarifa ile, akavua miwani.

"Umepunguza kwa kimo?"

Kipima upepo cha meli hufungwa juu ya mlingoti, na huko juu upepo una kasi zaidi kuliko chini. Sisi tunahesabu upepo wa mita kumi juu ya maji. Kwa hiyo namba ya meli hupunguzwa kabla ya kuandikwa. Hata mwanafunzi anajua. Lakini siku ile neno "kupunguza" lilinipiga usoni. Nilikuwa nimeshinda tangu alfajiri nikitamani kupunguza, niipunguze namba yoyote itakayokuja mpaka iwe sitini na mbili, mama mkwe asisikie kamwe. Nilijiona mwizi hata kabla sijaiba. Na Barometa alivyoniangalia, nikadhani ameshajua.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili," nilimfokea. "Unataka kunifundisha?"

Mzee akanywea, akatia saini. Nami nikatia yangu, nikijiona shujaa wa ukweli. Saa sita kamili redio ikatangaza kwamba Kimbunga Sindano kimezaliwa baharini.

Niliporudi nyumbani jioni, mama mkwe alikuwa ameketi sebuleni, utepe wa kupimia shingoni. Mke wangu alisimama mlango wa jikoni amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Shikamoo, Mama."

"Manyunyu," alisema. "Nimesikia nipo baharini."

Nikaweka mkoba chini.

"Nani kanipeleka?"

"Kamati, Mama."

"Kamati." Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Kamati ilinijulia wapi?"

Uongo ulinikaukia mdomoni. Nikamwambia yote: redio, hasira, fomu. Nilitarajia viatu viruke. Badala yake alinyoosha utepe wake magotini, polepole.

"Nina kasi gani?"

"Sitini na sita kwa saa."

"Hiyo tu?" Akamgeukia mwanawe. "Pikipiki ya muuza maziwa inakwenda zaidi ya hapo! Yule wa kumi na tatu alikuwa na ngapi?"

"Mia moja themanini, Mama," nilimjibu. "Lakini yule aliharibu nyumba za watu."

"Sisemi niharibu. Sitaki kumgusa mtu wala banda la kuku. Nasema nivume! Nimekaa kwenye cherehani miaka hamsini, leo natangazwa dunia nzima, halafu sitini na sita?"

Kesho yake akatundika redio nje ya duka. Wateja wakaambiwa wanyamaze. Na saa mbili asubuhi mtangazaji akasema kwamba Kimbunga Sindano kimeingia kwenye maji baridi na kutoweka baada ya kuishi saa tisa tu, kikiwa ndicho kilichoishi muda mfupi kuliko vyote katika kumbukumbu.

Mtaa haukumhurumia. Muuza maziwa alipunguza mwendo kila alipopita na kuuliza kama anaweza kumpa lifti. Fundi wa duka la pili, mshindani wake, alimpelekea pole kwa maandishi.

"Ongeza," mama mkwe aliniambia kwenye simu.

"Mama, upepo hauongezwi."

"Mnatangaza mvua isiyonyesha kila wiki, leo mnashindwa kuongeza upepo ambao hakuna aliyeuona?"

"Daftari ni daftari, Mama. Siwezi."

Akakata simu. Kuanzia hapo hata Manyunyu sikuitwa tena. Alikuja kula kwetu Jumapili akamwambia mke wangu, "Mwambie huyo bwana asogeze chumvi," na huyo bwana alikuwa amekaa naye bega kwa bega. Shati nikalitoa akilini. Nilichobakiza ni kujituliza kwamba angalau nilikuwa nimesema kweli.

Wiki mbili baadaye tukafanya mapitio ya msimu. Kila kimbunga hufunguliwa upya, kila karatasi inasomwa, kila namba inapigiwa hesabu tena. Barometa alifika kwenye faili la mwisho akalisoma mara mbili. Kisha akanisukumia fomu ya ile meli. Chini kabisa, kwa mwandiko safi wa nahodha: kipima upepo kipo mita arobaini juu ya maji.

Nikapiga hesabu mara mbili. Nikapiga ya tatu nikiomba Mungu. Hamsini na saba.

Sindano hakikuwahi kuwa kimbunga. Kilikuwa mgandamizo mdogo wenye namba. Niliogopa sana kuonekana najipunguzia, mpaka nikaacha kupunguza kilichopaswa kupunguzwa, na nikamfokea mzee aliyeniuliza. Nilihisi aibu hadi kwenye nyayo.

"Kilifia baharini," Barometa alisema kwa upole, bila kunitazama. "Hakikumgusa mtu. Hesabu hii tumeiona mimi na wewe tu. Nasikia ule mstari wa Daftari ni kitu cha familia."

Nilifikiria. Nisiwadanganye, nilifikiria vizuri tu. Mstari ule mmoja ndio uliokuwa umebaki kwa mama mkwe. Hata wakimcheka, alikuwa kwenye Daftari. Nikiufuta, anakuwa hayupo kabisa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempeleka, nimemuua, na sasa nimemfukua. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Nikachukua rula, nikapiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: "Kimefutwa. Kosa la mpimaji." Nikatia saini. Nikamwomba Barometa radhi. Akagonga meza kwa ukucha mara moja, akatia yake.

Sikutaka alisikie redioni. Nikatoka ofisini mchana ule ule nikaenda dukani. Mke wangu alikuwa pale akimsaidia kushona vifungo. Mezani kulikuwa na rundo la mashati ya bluu, kila moja na kikaratasi: mjomba mkubwa, mjomba mdogo, baba wa bi harusi, dereva. Cherehani ilikuwa inakwenda kasi, na mama mkwe hakuinua uso.

"Mama, nilikosea."

Cherehani ikasimama.

"Rudia."

"Nilikosea. Kile hakikuwa kimbunga. Nilipima vibaya. Jina lako limetoka kwenye Daftari."

"Umeshafuta, au umekuja kuniomba ruhusa?"

"Nimeshafuta."

"Afadhali. Ungeniomba ruhusa ningekufukuza." Akakata uzi kwa meno. "Umeandika ni kosa la nani?"

"Langu."

"Na nini tena?"

Sikumwelewa. Mke wangu, nyuma yake, alinitolea macho kama anayemwonyesha mtoto njia ya choo. Ndipo nikaelewa, na nikashangaa jinsi sentensi fupi hivyo ilivyoweza kunikaa kooni miaka tisa.

"Na mvua ya harusi," nikasema. "Nilisema manyunyu, ikaja gharika. Gauni lako likaharibika. Nilikosea, Mama."

"Si hapa na pale?"

"Si hapa na pale."

Alilipapasa gurudumu la cherehani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mimi nikikata kitambaa vibaya, namwambia mteja: nimekosea, nafumua. Yanaisha. Wewe ulinichorea picha. Kwenye mwaliko wa mwanangu." Akasimama, akauvuta utepe shingoni. "Inua mikono."

"Mama?"

"Inua mikono, nina kazi nyingi. Binti, chukua daftari."

Nikainua. Alinizunguka akinipima mabega, kifua, mikono, kila kipimo mara mbili, na mara ya pili akinitazama usoni ili nione kinavyofanywa.

"Jumamosi itanyesha?" aliuliza akiwa mgongoni kwangu.

"Sijui, Mama."

"Basi nitakodi turubai." Utepe ukanikaza kiunoni. "Mia moja na nne. Tumbo hili!"

Mke wangu aliniangalia kwa huruma, kalamu hewani. "Niandike mia moja, Mama? Atapungua."

"Andika kilichopimwa," alisema mama mkwe. "Na wewe Manyunyu, acha kubana pumzi."

Nikaziachia, akapima tena, ikawa mia moja na saba. Mke wangu akaandika.