Benchi Lililokwenda kwa Adero

Kila Alhamisi sala zikiisha, jumuiya ya Mtakatifu Monika mtaani Munyaka ilibeba benchi lake refu hadi nyumba ya wiki inayofuata. Lilikuwa la mbao za Timboroa, zito kweli kweli, na wanaume walilibeba wakitaniana njia nzima. Aliyeletewa benchi alijua zamu imemfikia, akatafute maziwa na kufua vitambaa vya makochi.

Adero, fundi wa cherehani kutoka Siaya, alikuwa ameimba katika kila sebule ya jumuiya hiyo. Kwake hawakuwahi kufika. Zamu yake ilipokaribia, mwenyekiti wao, Mama Jerop, mwalimu mstaafu, aliona huruma.

"Adero tusimsumbue, nyumba yake ni single room. Wiki ijayo mkuje tu kwangu."

"Haki sisumbuki, Mwalimu," Adero alijibu, lakini benchi lilikuwa limeshatoka mlangoni.

Kisha Sharon wa Chepsaita, upande wa kwao Mama Jerop, akapanga chumba ukuta kwa ukuta na cha Adero, ukubwa uleule. Kwake walienda mwezi huohuo. Walibanana hadi kitandani, mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, ikazunguka, vicheko vikasikika barabarani. Adero ndiye aliyeosha vikombe. Ilimuuma.

Jumatano iliyofuata, baada ya mvua, alifungua mlango akalikuta benchi limesimama nje, matope miguuni. Lilikuwa limetembea kutoka kwa Mama Jerop. Adero alilipangusa miguu, akalikaribisha ndani. Lilijikunja kidogo kupita mlangoni. Akasukuma kitanda, akakanda unga wa mandazi, akaazima vikombe kwa Sharon. Furaha ilimjaa hadi akaimba peke yake.

Alhamisi jioni jumuiya ilifuata nyayo za benchi kwenye matope.

"Tumsifu Yesu Kristo!" Mama Jerop aliita mlangoni.

"Milele na milele, amina. Karibuni, chai iko tayari."

Mzee Paul, mkulima wa mahindi, alikuwa bado anachunguza nyayo. "Imetembea vizuri," alisema. "Haijakanyaga sukuma ya mtu."

"Ni benchi ya kanisa, lazima iwe na adabu," Mama Jerop alisema. "Adero, tumekuja kuichukua. Watu wanangoja kwangu."

Wanaume wakainama, wakainua. Benchi halikubanduka. Walijaribu upande mmoja, wakajaribu wa pili, wakatoka jasho.

"Labda inataka tukunywe chai kwanza," Mzee Paul alisema.

Wote wakacheka, hata Adero. Birika lilikuwa linatoa mvuke pale mezani. Mama Jerop akamshika Adero mkono kwa upendo.

"Siku ingine, mpendwa."

Walipoondoka Adero alilia, kisha akakasirika, akala mandazi hadi hasira ikapungua.

Jumuiya ikachanga, ikanunua viti vya plastiki. Adero bado huenda kila Alhamisi, maana anawapenda na hana watu wengine mjini. Mama Jerop humshukuru Mungu kwa umoja wao, naye Adero huitikia amina pamoja na wenzake. Akirudi nyumbani hulikuta benchi lina joto kutoka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba watu wameinuka sasa hivi, na sukari imepungua.

Viti vya plastiki ni vyepesi, vinapangwa vizuri kimoja juu ya kingine, na hadi leo havijaenda popote bila kubebwa.