Maneno Arobaini na Moja

Ili kumaliza kozi ya usanifu wa picha, sauti na video, kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua mradi wake mwenyewe. Kijana mmoja, ambaye kwao walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyezaliwa wa mwisho, alipeleka wazo la katuni ya mji unaoelea angani. Mwalimu wake, mama mpole asiyejua kuficha ukweli, alilisoma mara mbili.

"Inapendeza," alisema. "Lakini nani ataitumia? Kafikirie tena."

Kitinda alirudi nyumbani amenuna. Aliishi kwa dada yake, msusi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Saluni ilikuwa chumba cha mbele. Nyuma walilala wao na binti wa dada, mtoto wa miaka sita. Wateja walimwita dada huyo Redio, maana akianza kuzungumza hakuwa na kituo. Angekusuka kutwa nzima usisikie maumivu, kwa jinsi alivyokushika na hadithi zake. Lakini kwa miezi minne sauti yake ilikuwa ikikwaruza, naye akisingizia dawa za nywele.

Siku hiyo Kitinda alimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba bado uko begani.

"Nimetoka hospitali," dada alisema. "Ni uvimbe mbaya, wa kooni. Watanipasua Alhamisi ijayo. Wamesema nitapona, ila sauti itaondoka."

"Itaondoka kwa muda gani?"

"Kitinda. Itaondoka."

Kesho yake alimwambia mwalimu amepata mradi: programu ya simu yenye vitufe, ukibonyeza kimoja unasikia sentensi moja kwa sauti ya dada yake. Safari hii mwalimu hakuuliza nani ataitumia. Alimpa kipaza sauti cha darasani aende nacho nyumbani.

Walisimamisha magodoro ukutani kuzuia kelele za barabarani. Dada alikuwa ameandika sentensi sitini nyuma ya kalenda. "Karibu, kaa." "Usitingishe kichwa." "Njoo ule." "Nani kakusuka hivi, adui yako?" Hapo Kitinda alicheka mpaka akaharibu rekodi.

"Wewe cheka tu," dada alisema. "Mwenzio niko kazini."

Koo lilichoka upesi. Kila baada ya sentensi nne au tano ilibidi anywe maji ya uvuguvugu na kufumba macho kidogo. Mwisho wa orodha aliandika jina la binti yake, na mbele ya jina hakuandika kitu.

"Hii tuifanye leo," Kitinda alisema Jumatatu.

"Sijajua nimwambie nini. Nikianza nitalia, na wewe utarekodi mtu analia? Ngoja Jumatano, akiwa shule."

Kitinda hakumbana. Mwenyewe alikuwa anaogopa kuisikia.

Jumanne asubuhi hospitali ilipiga simu: nafasi imepatikana, aje leo hii. Dada alimmalizia mteja mstari wa mwisho, akanawa mikono, akafunga nguo mbili tatu. Mlangoni aliinama akamnong'oneza binti yake sikioni. Kitinda alikuwa chumbani akitafuta kadi ya hospitali, hakusikia. Baadaye alipomuuliza mtoto, alijibiwa kwamba mama alisema avae sweta.

Upasuaji ulikwenda salama. Baada ya wiki tatu dada alirudi, shingo ameifunga kitambaa, akakuta programu iko tayari. Sentensi zilizowahi kurekodiwa zilikuwa arobaini na moja. Siku za mwanzo alizitumia, akisuka na kuachia mkono mmoja kubonyeza. Kisha mteja wa miaka mingi aliposikia ile ya adui yako, alicheka sana, halafu akaanza kulia, akaondoka nywele hazijaisha.

Kesho yake Kitinda aliikuta simu kwenye droo, chini ya vitana.

"Nimekosea wapi, dada?"

Dada alichukua daftari. "Hujakosea," aliandika. "Ila wananitazama kama aliyesema ni marehemu. Na mimi nasikia hivyo hivyo."

Aliyebaki kuitumia ni mtoto. Alijificha nyuma ya mlango akabonyeza "Njoo ule", akabonyeza tena. Mama yake akiisikia, mikono ilisimama kwenye nywele za mtu. Hakumkataza.

Siku ya maonyesho ilipokaribia, mwalimu alitaka mradi ule uwekwe mbele kabisa, wageni wabonyeze wenyewe. Kitinda alimuuliza dada. Dada alitikisa kichwa kukataa. Basi Kitinda alipeleka programu aliyoitoa sauti. Wageni walibonyeza, hawakusikia kitu, wakasogea meza ya pili.

"Unajua umejikosesha alama?" mwalimu alimuuliza.

"Najua, mwalimu. Mwenye sauti hajapenda."

Alifaulu kwa kuponea chupuchupu. Siku hizi asubuhi hutafuta kazi, na mchana hukaa saluni na kuwajibu wateja kwa niaba ya dada yake, macho ameyakaza kwenye midomo ya dada inayotamka bila sauti. Mara nyingi hukosea, na dada humgonga begani kwa kitana ili aanze upya.