Diski ya Upande wa Kulia

Asubuhi ya jaribio, mchoraji wa breki aliiacha chai yake mezani. Miezi minane alikuwa ameinamia diski moja tu: mabamba mawili ya chuma, katikati yake mapezi yaliyopinda, ili gurudumu likizunguka yavute hewa na kuitupa nje, diski ipoe. Leo ikishindwa, mchoro utafungiwa kabatini, na mabasi yataendelea na zile nene zisizo na tundu, zinazoungua mteremkoni hadi dereva anabaki kukanyaga na kumwomba Mungu.

Aliyezisubu diski mpya, kwa kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu, ni mjomba wake, mzee wa tanuri, mwenye maneno mengi kuliko mkaa.

Basi, likiwa na diski mpya kwenye magurudumu yote mawili ya mbele, liliteremka kilima mara kumi, breki zikikanyagwa bila huruma. Liliposimama, gurudumu la mbele kulia likafuka moshi. Mkuu wa karakana akaelekeza kipimajoto.

"Digrii mia tano! Sawa na zile za zamani. Mzee, umetusubia nini hapa?"

"Nilichochorewa," mjomba alijibu. Mafundi wakanong'onezana kwamba macho ya mzee yamechoka.

Mchoraji akachuchumaa, akachungulia. Mapezi yalipinda vilevile kama ya diski ya kushoto. Ukisimama nje ya basi, gurudumu la kulia huzunguka kinyume na la kushoto, kwa hiyo mapezi yake nayo yageuzwe. Yeye alichora diski ya kushoto tu, kisha chini akaandika: "Mbili."

Angeweza kunyamaza, maana wa kulaumiwa alikwishapatikana. Aliona aibu hata kulifikiria hilo.

"Kosa ni langu," alisema. "Mjomba kasubu sawasawa. Mimi ndiye niliyeagiza diski mbili za upande mmoja."

Kisha mkuu akauliza, "Na ya kushoto, je?"

Hakuna aliyekuwa ameitazama! Walizunguka basi mbiombio. Digrii mia tatu. Mkuu akapima tena, akatabasamu mpaka jino la nyuma likaonekana.

"Hii inaingia kwenye mabasi yote. Nataka mwenzake wa kulia."

Mjomba alicheka hadi akajishika mbavu. "Viatu viwili vya mguu mmoja, nami nikavisubu huku napiga mluzi! Mpwa wangu, tumepatana: wewe hukuona, nami sikuona."

Alasiri ile mchoraji alibeba karatasi zake hadi tanurini, akachora diski ya kulia kwenye benchi la mjomba, na kila mstari alimwonyesha kwanza.