Gramu Mia Nne

Nimeshika spana pale Suzuka, uwanja wa mbio za magari huku Japani, miaka thelathini, na kichwa changu ni kigumu kuliko spana zenyewe. Daraja la chipukizi, vile vigari vya kiti kimoja vyenye injini ya gari la kawaida, nililiona likianza, na siku linazikwa nilikuwepo. Mwaka uliofuata yalikuwa yanakuja magari mapya ya bei mbaya, na yetu yanakuwa chuma chakavu. Mbio zile za Novemba ndizo zilikuwa za mwisho, na mshindi alikuwa anapewa kiti cha daraja la juu, bure. Dereva wangu Issei, mtoto wa muuza tofu, ile jibini ya soya, hakuwa na mlango mwingine.

Asubuhi ile akanijia. "Fundi, nimekonda. Wiki nzima homa. Tuongeze bamba moja la risasi chini ya kiti, uzito utimie."

Kila mtu wa kazi hii anajua: mbio zikiisha, gari hupimwa na dereva akiwa ndani, na likipungua uzito uliowekwa, ushindi unafutwa. Hata mimi nilijua. Lakini kila kilo inakurudisha nyuma.

"We Issei! Umekuja kushindana au kubeba mizigo?"

"Basi angalau nipande mzani, Fundi."

"Mzani wa nini? Uzito wako nimeuandika hapa tangu Aprili. Mimi napima magari wewe bado unanyonya! Kale onigiri mbili, matonge yale ya wali, uniache nifanye kazi."

Akacheka, akala tatu.

Na jamani, alishinda! Alimpita aliyekuwa anaongoza kwenye kona ya mwisho, nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Kisha gari likasukumwa mzanini, naye ndani, kofia kichwani. Likapungua gramu mia nne.

Msimamizi akauliza kulikoni. Issei ndiye aliyeshuka, akainama mpaka kiunoni. "Kosa ni langu. Niliugua, sikumwambia fundi."

Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikanyamaza. Aibu ile ninayo mpaka leo. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi mkuu sikusikia la mdogo, na aliyevunjika ni yeye.

Siku hizi anasambaza tofu ya baba yake. Kila mwaka mpya hunitumia kadi, maneno mawili matatu ya heri, basi. Safari hii aliongeza mstari chini: "Fundi, sasa nina kilo themanini na mbili. Leo mzani ungetupitisha."