Shingo ya Chui

Wasasi wa kijiji kile cha kusini, kinachopakana na msitu wa Jozani, walimtuma mwenzao Duni mjini kununua darubini, na kabla hajapanda gari walikuwa wameshamshuku kwamba atazila pesa. Hawakumwambia hivyo usoni. Kila mmoja kwa wakati wake alimkumbusha tu, kwa upole mwingi, kwamba asisahau risiti.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu, na chui alikuwa ameshachukua mbuzi watano. Kumuua chui si kazi kubwa kwa watu wenye mbwa, nyavu na gobori. Kazi ni kujua chui ni wa nani. Yule wa msituni, asiye na mwenyewe, hupigwa bila ya shauri. Lakini yuko chui wa kufugwa, wa mtu mwenye mambo yake, anayetumwa kama mtoto atumwavyo dukani. Huyo huvaa hirizi shingoni, imefungwa kwa uzi mweusi, na mwenye kumpiga bunduki humripukia mkononi. Hapo hasakwi chui tena, husakwa aliyemfuga. Borafya, mmoja wa wasasi, aliapa kwamba chui wao alikuwa na uzi. Mzee Mkadam aliapa kwamba hana. Wote wawili walimwona kwa mbali, tena wakikimbia.

Ame, mkubwa wa wasasi, alikuwa ameshampata mwenye chui kabla ya huo uzi.

"Bi Mwanakheri ana mbuzi watatu," alisema, "na hajaguswa hata mmoja. Nyie hamjiulizi?"

Bi Mwanakheri alikuwa mkunga, mjane, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho upande wa msitu. Watoto wote wanne wa Duni walianza kulia mikononi mwake. Mbuzi wake hawakuguswa kwa kuwa alilala nao chumbani, jambo lililojulikana na kila mtu, lakini siku hizo hakuna aliyetaka kulikumbuka. Uzi ukionekana tu, bibi yule angefukuzwa na nyumba ingetiwa moto. Ndiyo maana Duni alikubali kwenda mjini. Alitaka darubini safi, itakayomwonyesha kila mtu shingo tupu, watu wakapige chui wao na mkunga abaki kwake.

Mjini alielekezwa mtaa wa Mkunazini kwa Hasan, aliyeuza vitu vikuukuu. Hasan alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Wataka kuangalia nini, bwana?"

"Chui."

"Chui!" Hasan aliguna. "Kila anayekuja hapa ana chui wake. Kisha waume za watu wananijia juu, ati nimemuuzia fulani darubini anachungulia nyua zao."

Alimtolea mbili. Moja ya Kijerumani, ndani ya mkoba wa ngozi. Ya pili ilikuwa ya askari, ya wakati wa vita, rangi imebambuka, na bei yake ilikuwa ndogo mno. Duni hakuipenda bei ile. Kitu kizima hakiuzwi hivyo.

Walitoka barazani kuzijaribu, Hasan ameshika ukanda asije mtu wa shamba akatoweka na mali. Nyumba ya nne kutoka pale, paka alikuwa amelala dirishani. Kwa ile ya Kijerumani Duni aliweza kuzihesabu sharubu zake. Kwa ile ya askari paka alionekana vizuri pia, ila shingoni alikuwa na uzi mweusi.

Duni aliishusha, akatazama kwa macho yake, akairudisha tena. Akaielekeza mbinguni, na uzi ukamfuata mbinguni.

"Kuna unywele humu ndani."

"Ndo maana rahisi," alisema Hasan bila ya haya. "Fundi wa saa anautoa mara moja."

"Yuko wapi?"

"Kenda Pemba."

Pesa zilizochangwa hazikuifikia ile ya Kijerumani hata kwa nusu. Duni alisimama pale roho imemkaa juu. Akirudi mikono mitupu, watasema kazila. Akirudi na mbovu, watasema kanunua takataka na chenji katia mfukoni. Akafikiri: unywele nshaujua ulipo, nitaishika mwenyewe na nitatazama mwenyewe.

"Andika risiti," alisema. "Darubini moja, nzima."

Hasan aliinua kalamu. "Nzima?"

"Andika."

Siku ya tatu yake, baada ya alasiri, mbwa walimpandisha chui juu ya mti, ng'ambo ya konde la mihogo. Walikuwa watu wanne: Ame, Borafya, Mzee Mkadam na Duni. Duni aliwahi kuitia darubini machoni. Chui alikuwa amelala juu ya tawi, na uzi ulikuwa shingoni, kama alivyotarajia. Akaiinua kidogo. Uzi ukapanda masikioni, na shingo ikabaki manyoya matupu. Moyo wake ulijaa furaha.

"Hana kitu! Mpigeni."

"Lete," alisema Ame.

"Nshakwambia hana."

"Lete, Duni."

Ame alitazama muda mrefu, kisha akampa Borafya. Borafya alitabasamu. Mzee Mkadam alitazama wa mwisho.

"Subhanallah," alisema. "Mie nliapa hana. Na upo!"

Hakuna aliyethubutu kuinua gobori. Chui aliruka chini, akaingia msituni, na mbwa wakarudi wamefyata mikia. Ame hakumwangalia chui. Alikuwa akimwangalia Duni.

"Wewe umetazama wa kwanza. Kwa nini umesema hana?"

Duni aliwaza mlango wa Bi Mwanakheri, akaamua kulitapika lote. "Ule ni unywele, umo ndani ya kioo. Nliuona tangu mjini."

Mzee Mkadam akaitoa risiti ndani ya kofia. "Hapa imeandikwa nzima."

"Mie nlimwambia aandike hivyo. Mngesema nimezila pesa zenu!"

Na kweli, ndivyo wangesema. Borafya ndiye aliyejitia kucheka.

"Mkunga wako unamfunika vizuri."

Hasira zilimpanda Duni. Alivua shati, akawageuzia shingo, mbele na nyuma. "Nitazameni kwa macho yenu. Mie nna uzi? Nna hirizi? Mzee Mkadam, nishike!" Mzee Mkadam alimpapasa, akakiri kwamba shingo ni tupu. "Basi nakwenda kusimama kule chini ya mti. Mnitazame kwa hiyo darubini, mtauona uzi kwangu mie, na mtajua kuwa ni mbovu."

Alilikata konde lote la mihogo kifua wazi, shati mkononi. Aliona amepata hila nzuri kuliko zote, maana nani angemshuku Duni? Alisimama chini ya mti, akainua kidevu. Kwa mbali aliwaona wakipokezana darubini, Ame, Borafya, kisha mzee.

"Mmeuona?" alipiga kelele.

"Tumeuona!" alijibu Ame.

"Alhamdulillahi! Mmeamini sasa?"

"Tumeamini."

Duni alicheka peke yake. Akaanza kurudi, mwepesi kuliko siku zote za wiki ile.

"Simama hapo hapo!" Ame alikuwa ameinua gobori. "Usisogee!"

"Kuna nini tena, jamani?"

"Hapa tumekutazama kwa macho, hukuwa na kitu. Kwa darubini unao, sawasawa na wa yule chui. Sasa tumejua kazi yake. Inaonyesha kile mnachotuficha."

"Ni unywele! Ame, itazame mbingu! Mtazame Borafya!"

Lakini Borafya alikuwa ameshaanza kuwaita mbwa, na Mzee Mkadam, aliyekula harusi yake, alirudi kinyumenyume akisoma Ayatul Kursi. Hakuna aliyemgeuzia darubini mwenziwe. Waliondoka haraka kuelekea kijijini, upande wa nyumba ya Bi Mwanakheri. Kutoka pale mpaka nyumba ya Duni, yenye mke na watoto wanne, ni milango miwili tu.

Duni alilitupa shati na kuanza kukimbia.