Vipande Alivyoviulizia Mjane

Fundi cherehani wa mlango wa pili anasema marehemu bado anafundisha, na yuko tayari kuapa. Eti kila siku saa nne asubuhi, mjane akishamaliza kufagia, sauti ya Mwalimu inapenya ukutani kama zamani, inaeleza mambo ya udongo na misingi ya nyumba, na haikohoi hata mara moja.

"Huko aliko amepona, dada," alimwambia Bi Ratiba aliyekuwa akipita kwenda kubisha hodi. "Enzi za uhai wake alikuwa akikohoa mpaka cherehani yangu inaruka mishono."

Bi Ratiba hakucheka. Jina hilo alipachikwa na wenzake chuoni, kwa kuwa hatembei bila karatasi ya ratiba. Kazi yake ni kusimamia masomo ya mtandaoni yanavyotengenezwa, tangu mwalimu anapoandika mpaka mwanafunzi anapofungua simu yake. Alijua vizuri kwa nini sauti ile haikohoi. Ni yeye aliyeagiza kikohozi kiondolewe.

Mwalimu alikuwa akirekodi hapo hapo nyumbani, sura moja kwa wiki, na zilitakiwa kuwa kumi na mbili. Kila Ijumaa rekodi ilimfikia fundi wa sauti, naye akaisafisha: kikohozi, mlango, sufuria, kelele za jirani, vyote nje. Ndivyo ratiba ilivyoagiza. Sura ya kwanza ilimchukua nusu saa. Ya tisa ilimla siku nzima.

"Bosi, kikohozi cha wiki hii kingejaza ndoo," alisema siku ile.

"Basi tafuta ndoo kubwa. Jumatatu sura iwe hewani."

Wakacheka wote wawili. Bi Ratiba akaandika kwenye karatasi yake: sura ya tisa, imechelewa siku moja, sababu usafishaji. Hakuuliza zaidi. Mwalimu mwenyewe, aliposikia sauti yake ikitoka laini namna ile, alimpigia simu kumshukuru. "Umenirudisha ujanani," alisema. Sura ya kumi na mbili hakuwahi kuirekodi.

Sasa ilikuwa wiki ya sita tangu mazishi. Bi Ratiba alikuja na fomu ili mjane aridhie mwalimu mwingine asome sura iliyobaki.

"Keti hapo, mwanangu. Hapo ndipo alipokuwa akirekodia."

Akakaa ukingoni mwa kiti. Blanketi bado lilikuwa limepigiliwa misumari ukutani ili kuzuia mwangwi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeelekeza kwa simu lipigiliwe wapi.

Mjane alitia saini bila kusoma. Kisha akaiweka simu yake mezani, akafungua sura ya tisa. Mwalimu alikuwa akieleza udongo wa mfinyanzi.

"Sikiliza hapa," alisema mjane, akainua kidole.

"Udongo huu ukilowa," ilisema sauti, "huvimba, ukainua hata ukuta."

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu, mama."

"Ndiyo hivyo. Aliposema ukilowa alishikwa na kikohozi, akaniita. Nikatoka jikoni na maji. Akanitania, akasema, mama wee, wanafunzi wangu wakisikia ndala zako watadhani msimamizi wa mtihani ameingia. Tulicheka mpaka akaishiwa nguvu, nikamshika mgongo. Muda wote huo simu ilikuwa inarekodi, niliiona." Akaizima sauti. "Nimetafuta sura zote kumi na moja, mwanangu. Mimi simo. Na yeye anaongea na watu nisiowajua, hata pumzi havuti."

Bi Ratiba aliitazama fomu. Chuoni kwao vipande vilivyokatwa hukaa siku thelathini baada ya sura kwenda hewani, kisha hufutwa kupisha kazi nyingine. Vya sura ya tisa vilikwenda zamani. Vya mwisho vilikuwepo mpaka Alhamisi iliyopita. Fundi wa sauti alisita, akamgeukia: "Bosi, hata vya marehemu?" Naye, macho yakiwa kwenye karatasi, akajibu kwamba ratiba ni ratiba, akatia alama ya vyema.

Mjane alikuwa akifuta kioo cha simu kwa pindo la gauni, taratibu, kama mtu anayefuta uso wa mtoto.

"Huyu fundi wetu akikata kitambaa hatupi masalia. Anayatia kwenye mfuko, mwenye nguo akija anampa. Nanyi najua hamkutupa, watu wasomi kama nyie. Basi niletee vya kwangu. Sitaki somo, somo ninalo. Hata kama ni kikohozi kitupu, kilete. Nitakisikiliza."

Bi Ratiba aliikunja ratiba mara mbili, akaikunja tena, mpaka ikakataa kukunjika. Nyuma ya ukuta cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Utaniletea lini, mwanangu?"